Sura ya Tano: Kushika na Kuachia

Aliyewahi kusafisha utumbo wa mbuzi anaujua utando ule. Ukianza kuuvuta utumbo mwembamba kwenye beseni, hautoki peke yake kama kamba. Unatoka na pazia lake, laini, linaloangaza ukiliinua kwenye mwanga, lenye mafuta na mishipa midogo iliyotawanyika kama mizizi ya mche uliong'olewa. Wengi wetu tunalichana kwa kisu na kuendelea na kazi. Mimi siku hizi hulitazama kwanza, kwa sababu kwenye pazia kama hilo, la chura, ndipo mtu mmoja alipoketi akatazama mchochota ukianza, hatua baada ya hatua.

Mchochota ni ile hali ya mwili kuwaka: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Kila aliyechomwa na mwiba anaijua. Mtu huyo ni Julius Cohnheim, na mwaka ni 1867, katika jiji la Berlin, ambako alikuwa msaidizi wa daktari mashuhuri Rudolf Virchow. Alimlegeza chura kwa kurare, sumu inayopooza misuli, akautoa utumbo wake nje kupitia tundu ubavuni, akalitandaza lile pazia chini ya hadubini. Hakuhitaji kuliunguza. Kuliacha wazi hewani kulitosha.

Kwanza mishipa ilipanuka. Damu ikaenda mbio kidogo, kisha ikapoa. Katika vena ndogo, yaani mishipa inayoirudisha damu moyoni, chembe nyeupe zikaanza kujitenga na zile nyekundu, zikasogea pembeni, zikaburuzika na ukuta, zikasimama. Ukuta wote wa ndani ukawa umepangwa chembe nyeupe kama kokoto kwenye sakafu. Baada ya saa kadhaa, upande wa nje wa mshipa kikatokea kinundu kidogo kisicho na rangi. Kikakua. Kikawa kama tone linaloning'inia kwa kikonyo chembamba, kisha kikonyo kikakatika, na pale nje ya mshipa ikawepo chembe nyeupe nzima, hai, inajongea.

Wengine walikuwa wamewahi kuona chembe nyeupe zikitoka hivyo, miaka mingi kabla yake, lakini hakuna aliyelifuatilia jambo kwa subira ile. Na lilikuwa jambo zito. Virchow alishikilia kwamba seli za usaha huzaliwa palepale penye jeraha. Msaidizi wake akaonyesha kwamba zinatoka kwenye damu. Tena akasisitiza kwamba kilichobadilika ni ukuta wa mshipa: ulikuwa mtelezo, sasa unanasa. Umenasishwa na nini, hadubini ya siku zile isingeweza kumwambia. Jibu lilichukua zaidi ya miaka mia moja.

Juu ya kila seli ya mwili zimechomoza protini ambazo kazi yake ni kushika. Tuziite molekuli za mshikamano. Kila moja ina mwenzake inayemtambua, na bila mwenzake haishiki chochote. Bila hizo tusingekuwa na umbo, tungekuwa rojo. Lakini siri yake kubwa, na ndiyo inayotuhusu hapa, ni kwamba zinajua pia kuachia.

Tazama jahazi linavyoingia gatini. Halisimami ghafla. Tanga linashushwa, mwendo unapungua, inarushwa kamba nyembamba, inakamatwa, inateleza, inakamatwa tena. Kamba nene inafuata baadaye, ndiyo inayolifunga chombo, na hapo tu ndipo watu wanashuka. Seli nyeupe ndani ya mshipa inasafiri kwenye mkondo wenye nguvu kuliko bahari yoyote ukilinganisha na ukubwa wake, nayo inafuata utaratibu huohuo.

Kamba nyembamba ni selektini. Ile iitwayo selektini P haisubiri kutengenezwa. Imehifadhiwa tayari ndani ya seli zilizotandika mshipa, katika vifuko vyenye umbo la sigara ambavyo Ewald Weibel na George Palade walivieleza mwaka 1964. Tishu ikiumia na kumwaga histamini, vifuko hupanda juu na kufunguka ndani ya dakika chache tu. Dada yake, selektini E, huchelewa kwa saa kadhaa kwa sababu lazima jeni isomwe na protini ifumwe upya. Mshiko wa selektini ni wa muda mfupi mno, chini ya sekunde: mmoja ukiachia nyuma, mwingine umekwisha kukamata mbele, na seli inabingirika juu ya ukuta. Mwaka 2003 watafiti walipima mshiko mmoja mmoja wa selektini P wakakuta jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha. Ukiuvuta kidogo, unadumu zaidi kuliko usipouvuta. Yaani mkondo wa damu unaotaka kuing'oa seli ndio unaousaidia mshiko ukaze.

Kamba nene ni integrini. Hizi ziko juu ya seli nyeupe wakati wote, lakini zimejikunja, kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Seli inapobingirika, inanusa kemikali zinazopandishwa ukutani kutoka kwenye tishu inayowaka. Kwa harufu hiyo integrini hunyanyuka, hujinyoosha, hufunguka kiganja, na kukamata molekuli iitwayo ICAM-1 ambayo ukuta umeizidisha kwa ajili hiyo. Seli inasimama. Inajibapa, inatambaa hadi penye kiungo cha seli mbili za ukuta, na huko inakuta molekuli nyingine, PECAM-1, iliyopo pande zote mbili za mlango, ikiipokea na kuipitisha. Hicho ndicho kinundu cha Cohnheim.

Uzito wa mshiko huu unajulikana zaidi kwa watoto wachache wanaozaliwa bila sehemu moja ya integrini, iitwayo CD18. Katika nyumba zetu mama wa mtoto mchanga huhesabu siku za kitovu. Kwa kawaida kinakauka na kudondoka ndani ya wiki moja au mbili, na wapo wasiomtoa mtoto nje kabla ya hapo. Kwa watoto hawa wiki tatu zinapita, mwezi unapita, kitovu kingali kinaning'inia, kimepata maambukizi. Ukipima damu unakuta chembe nyeupe tele, nyingi kuliko za mtoto mwenye afya. Lakini jeraha halina usaha. Askari wamejaa barabarani na hakuna anayeweza kushuka garini.

Sasa turudi tumboni.

Mwili ungekuwa na fujo kama kila seli ya kinga ingeshuka popote. Katika miaka ya 1950 na 1960 James Gowans, huko Oxford, aligundua kwa kutumia panya kwamba limfositi, aina moja ya chembe nyeupe za kinga, hazifi baada ya mzunguko mmoja: zinatoka kwenye damu, zinapita kwenye tezi za limfu, zinarudi kwenye damu, tena na tena. Akaona pia kwamba limfositi kubwa alizozirudisha kwenye damu zilikwenda kutulia ukutani mwa utumbo. Zilijuaje njia? Mwaka 1988 kundi la Eugene Butcher huko Marekani likaeleza molekuli inayokaa kwenye mishipa ya utumbo na tezi zake, ambayo leo inaitwa MAdCAM-1. Ni kibao cha anwani. Mwaka 1993 mkono unaokisoma kibao hicho ukajulikana: ni integrini iitwayo alfa-4 beta-7.

Na mkono huo seli haizaliwi nao. Inaupata shuleni, kwenye tezi za limfu za utumbo, kutoka kwa seli zinazoifundisha adui ni nani. Mwaka 2004 Makoto Iwata na wenzake, Japani, walionyesha kwamba wino wa kuiandikia anwani hiyo ni asidi ya retinoiki, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini A. Panya walionyimwa vitamini A walibaki na limfositi chache ukutani mwa utumbo. Nilipolisoma hilo nilifikiria mawese ya Kigoma na ya Kongo, viazi vya njano, mchicha, na matone ambayo watoto wetu walio chini ya miaka mitano hupewa kliniki kila baada ya miezi sita. Tumezoea kuambiwa ni ya macho. Lakini pia, bila vitamini hiyo, seli za kuulinda utumbo hazijui nyumbani ni wapi.

Upande wa pili wa ukuta kuna kushikana kwa aina nyingine. Kati ya chakula ulichokula leo pamoja na bakteria wake wasiohesabika, na damu yako, kuna safu moja tu ya seli. Moja. Ni nyembamba kuliko unywele, na hubadilishwa karibu yote kila baada ya siku tatu hadi tano. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Uswidi, Helander na Fändriks, walikadiria kwamba utando wa ndani wa njia yote ya chakula ukitandazwa ungefika mita za mraba 32 hivi, kama vyumba viwili vya mita 4 kwa 4. Vyumba viwili vimetandikwa mkeka wa safu moja ya seli, na mkeka unafumwa upya kila wiki huku watu wanatembea juu yake.

Kinachoushikilia ni kadherini E, protini ya jamii iliyopewa jina na Masatoshi Takeichi wa Japani, inayoshika mwenzake wa seli ya jirani kwa msaada wa kalsiamu. Juu yake kidogo, karibu na upande wa chakula, kuna mshono unaozuia maji yasivuje kati ya seli na seli. Mshono huo una okludini, iliyopatikana mwaka 1993, na klaudini, zilizopatikana mwaka 1998, zote katika maabara ya Shoichiro Tsukita. Klaudini nyingi hufunga. Ipo moja, klaudini-2, ambayo kazi yake ni kinyume: inatengeneza vijitundu vya kupitisha sodiamu na maji.

Basi sikiliza kinachotokea utumbo unapowaka, kwa sababu hapa ndipo kiini cha sura hii kilipo. Seli za kinga zilizoko chini ya mkeka zinamwaga protini za kuchochea, kubwa ikiwa ile iitwayo TNF. Protini hiyohiyo moja inatoa amri mbili zinazopingana. Kwenye mishipa ya damu inasema: shikeni. Selektini E inapanda, ICAM-1 inapanda, MAdCAM-1 inaongezeka. Kwenye mkeka inasema: achieni. Ukanda wa nyuzi kama za misuli ndani ya kila seli unajikaza na kuuvuta mshono, okludini inamezwa kuingia ndani ya seli, na klaudini-2 inaongezeka. Maji yanavuja kuingia tumboni, na huo ni mwanzo wa kuhara. Vipande vya bakteria vinavuja kuingia mwilini, seli za kinga zinaviona, zinamwaga TNF zaidi. Mshiko unazidi kukaza mahali ambapo wageni ni wengi tayari, na unazidi kulegea mahali ambapo mlango uko wazi tayari.

Kwa siku chache, hilo ni jambo jema. Ndivyo mwili unavyopeleka jeshi na kusukuma uchafu nje. Likiendelea kwa miezi na miaka bila adui anayeonekana, tunaliita ugonjwa wa Crohn, au kolaiti ya vidonda. Mtaalamu anayetazama kipande cha utumbo mpana wa mgonjwa kama huyo, kilichopakwa rangi ya waridi na zambarau, huviona vishimo vya utumbo ambavyo kwa mtu mzima wa afya vimejipanga kama mirija ya kinanda. Hapa vimepinda, vingine vimepasuka, na ndani yake zimejaa neutrofili, zile chembe nyeupe za kwanza kufika. Zimetoka kwenye mshipa, zimevuka tishu, zimejipenyeza kati ya seli za mkeka zikiachanisha mishono, na sasa zinafia upande wa kinyesi. Jipu dogo lisiloonekana kwa macho, ndani ya kila kishimo.

Wapo vijidudu wanaoutumia mlango huo. Shigela, bakteria aliyetambuliwa na Kiyoshi Shiga mwaka 1897 wakati wa mlipuko wa kuhara damu nchini Japani, hawezi kuingia kirahisi kwa kupitia uso wa juu wa seli za utumbo mpana. Anasubiri neutrofili zije zimfungulie. Mwaka 1994 kundi la Philippe Sansonetti, Paris, liliwapa sungura kingamwili za kuziba CD18, ile sehemu ya integrini wanayoikosa watoto wa kitovu kisichodondoka. Neutrofili hazikuweza kutoka kwenye mishipa, na utumbo uliharibika kidogo sana kuliko ule wa sungura wengine. Uharibifu mwingi wa kuhara damu ulikuwa kazi ya walinzi.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma. Kwanza kilikuja kipindupindu, kisha kuhara damu kwa shigela wa aina kali kabisa, aliyekwisha kuzoea dawa nyingi. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Sikuweza kuandika habari za sungura wa Paris bila kuwataja.

Je, basi tuwanyime wagonjwa walinzi? Mwaka 1999 kundi lilelile la Paris lilionyesha upande wa pili. Lilizuia kemikali inayoziita neutrofili, ukuta ukanusurika, lakini bakteria wakapenya ndani zaidi na kusambaa. Kwa hiyo kuhara damu hakutibiwi kwa kufungia jeshi kambini. Kunatibiwa kwa maji, chumvi na dawa sahihi ya bakteria. Lakini kwa ugonjwa wa Crohn na kolaiti ya vidonda, ambako jeshi linapigana bila adui, wazo la kufunga milango lilikuwa na mantiki. Swali lilikuwa mlango upi.

Katika misitu ya kaskazini-magharibi mwa Kolombia anaishi kima mdogo, hafiki hata nusu kilo, mwenye ushungi mweupe kichwani. Anaitwa tamarini. Akifungiwa, mara nyingi huugua kolaiti inayofanana sana na ya binadamu. Mwaka 1993 Daniel Podolsky na wenzake, Boston, waliwapa tamarini kingamwili ya kuzuia alfa-4, na utumbo wao ukatulia. Kima hawa leo wako katika hatari kubwa ya kutoweka. Wanatudai uhai wao wa porini, kwa sababu wametulipa kwa matumbo yao.

Dawa ya kwanza iliyotokana na wazo hilo ni natalizumabu. Iliidhinishwa Marekani Novemba 2004, kwa ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi nyingi (multiple sclerosis). Februari 2005 ikaondolewa sokoni. Wagonjwa watatu walikuwa wamepata maambukizi ya ubongo yaletwayo na kirusi JC, ambacho wengi wetu tunacho kimelala mwilini bila madhara. Wawili walikufa, mmoja wao akiwa mgonjwa wa Crohn. Sababu iko kwenye majina. Alfa-4 ni nusu ya mkono. Ikiungana na beta-7, inasoma anwani ya utumbo. Ikiungana na beta-1, inashika molekuli nyingine, VCAM-1, ambayo ndiyo inayopitisha seli za kinga kuingia ubongoni. Dawa iliziba nusu inayotumika na mikono yote miwili, na ubongo ukabaki bila walinzi. Ilirudi sokoni 2006 chini ya masharti makali, na bado inatumika kwa uangalifu.

Ilibidi izibwe alfa-4 beta-7 peke yake, zikiwa pamoja. Na kingamwili ya kufanya hivyo ilikuwepo tangu mwaka 1984, ikiitwa ACT-1, iliyotengenezwa na Andrew Lazarovits, daktari wa Kanada aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa: alama za limfositi zilizoamshwa. Ilijaribiwa kwa tamarini mwaka 1996, ikabadilishwa ifanane na kingamwili ya binadamu, na Mei 2014 ikaidhinishwa Marekani na Ulaya kwa jina vedolizumabu. Lazarovits alifariki kabla ya siku hiyo. Katika jaribio kubwa la kolaiti ya vidonda, wagonjwa walioanza kupata nafuu waligawanywa upya. Baada ya wiki 52, asilimia 41.8 ya waliopewa dawa kila baada ya wiki nane walikuwa wametulia kabisa, dhidi ya asilimia 15.9 ya waliorudishwa kwenye dripu isiyo na dawa.

Si namba ya kushangilia sana. Zaidi ya nusu hawakufika huko. Lakini ni dawa inayoheshimu anwani, na kwetu hilo lina uzito wa pekee. Dawa nyingine kubwa za magonjwa haya huzuia TNF mwili mzima, na zinaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala. Katika nchi zetu kifua kikuu kilicholala si habari ya kitabuni. Tena kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn kiasi cha kumchanganya hata bingwa, na mgonjwa wetu anayehara damu huanza kutibiwa amiba, kisha minyoo, kisha homa ya matumbo, mara nyingi bila mtu kuingiza kamera kutazama. Magonjwa haya yalidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ya Wazungu peke yao. Naamini tulikuwa hatuyatazami. Na bei ya kingamwili hizi bado iko mbali na mfuko wa familia ya kawaida. Hilo ni jambo la kupigania kwa sauti kubwa.

Vedolizumabu ina tabia moja inayowachosha wagonjwa: inachelewa. Wiki sita, kumi, wakati mwingine kumi na nne. Inawazuia wanaokuja, haiwatoi waliokwisha kuingia. Hao lazima wazeeke na kufa mahali walipo. Wakati huo wote, kwenye ukingo wa kila kidonda, kuna kazi nyingine inaendelea ambayo hakuna dawa inayoifanya. Seli za mkeka zilizobaki zinalegeza mishiko yao, zinaacha umbo la kusimama wima, zinajibapa, zinanyoosha utando mwembamba mbele yao na kutambaa juu ya jeraha. Kuachia kulekule kulikovujisha utumbo sasa kunaufunika. Zinatambaa hadi zinakutana na zile zinazotoka ukingo wa pili. Kadherini E za pande mbili zinagusana kwanza, zinashika. Klaudini zinafuata, mshono unafungwa, na maji yanaacha kuvuja.